Tamthilia ya Kumkomboa Mzee

Nilizaliwa katika laini za polisi kule Nakawa, Kampala, kwenye chumba ambacho mchana bati lake lilikuwa moto kiasi kwamba mama alipikia nje na sisi tukalala usingizi wa alasiri chini ya ukuta wa jirani. Baba alikuwa konstebo kutoka kaskazini. Upande wetu wa kulia waliishi Wateso, upande wa kushoto Walugbara, na nyuma palikuwa na familia ya Wakongo waliouza makaa. Sisi watoto tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha laini kisichojali ngeli. Nilipokwenda shule mjini nikagundua kwamba wenzangu walikiogopa. Kwao kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Nikajifunza Kiganda haraka, nikajifunza Kiingereza, na Kiswahili nikakiacha nyumbani pamoja na viatu vya mvua.

Aliyenirudisha kwenye lugha ile ni Mzee. Ndivyo nilivyomwita, ingawa hakuwa amefika hamsini. Alikuwa mwalimu wangu wa fasihi chuo kikuu, kisha akawa mkuu wa idara iliyoniajiri. Alikuwa Muganda wa asili ya Masaka, mrefu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, na mkoba wake haukukosa gonja, ile ndizi ya kuchoma, iliyofungwa kwenye gazeti. Alikula akifundisha. Siku moja alikuta shairi langu la Kiswahili ndani ya insha ya Kiingereza, nimelisahau humo. Aliniita ofisini.

“Hapa umesema kweli,” akaniambia, akigusa ubeti wa kwanza kwa kidole chenye mafuta. “Hapa umeanza kupamba. Na hapa mwishoni unaomba radhi kwa kuandika. Umemkosea nani mpaka umuombe radhi?”

Nilirudi kwenye bweni la wasichana nikalifuta shairi lote isipokuwa ubeti ule wa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya uandishi.

Wanajeshi waliponyakua nchi, nilikuwa mhadhiri kijana mwenye kitabu kimoja chembamba cha mashairi na michezo miwili iliyochezwa mjini. Baba alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kaskazini, na kutoka huko habari zilikuja za watu wa makabila yetu kuuawa kambini. Jina langu la ukoo lilinitangulia katika kila kizuizi cha barabarani. Wahadhiri wageni waliondoka mmoja mmoja, kisha wenyeji wakaanza kuondoka nao, bila kuaga. Ungemkuta mtu Ijumaa kwenye chai, Jumatatu mlango wake umefungwa na hakuna anayeuliza. Madukani palikuwa na rafu tupu. Sukari, chumvi na sabuni vilipatikana kwa magendo au kwa kujuana na askari.

Mzee alikataa kuondoka. Alisema mtu akiondoka na wanafunzi wake wakabaki, huko aendako atafundisha nini?

Katika miaka hiyo niliandika mchezo wa kuchekesha kuhusu harusi. Wageni wamefika, ng'ombe amechinjwa, bibi harusi amepambwa, lakini bwana harusi haonekani. Familia zote mbili zinaogopa kusema hivyo. Kwa hiyo sherehe inaendelea. Wanakipa chakula kiti kitupu, wanakipongeza, wanakiimbia. Mzee aliigiza baba wa bibi harusi. Yeye kila mara alichukua nafasi ndogo. Alisema mkuu wa idara akiigiza mfalme, anaweza kuzoea.

Mavazi alishona mke wake, niliyemwita Mama. Alikuwa fundi wa gomesi, yale magauni mapana ya akina mama wa Kiganda, na kitambaa tulinunua naye soko la Owino, tukipekua marobota ya nguo kuukuu kwa sababu kitambaa kipya hakikuwepo. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuma sindano midomoni, akanipima kwa macho, akakata.

Jioni ya pili ya maonyesho, safu ya mbele walikaa wanaume waliovaa mashati ya maua na miwani myeusi. Katikati yao alikuwa ofisa mmoja mnene aliyevaa sare. Watazamaji wengine waliangalia migongo yao kabla ya kuthubutu kucheka. Lakini ofisa yule alicheka zaidi ya wote. Alipiga mapaja, alifuta machozi. Pazia lilipofungwa akaja nyuma ya jukwaa.

“Mwalimu!” akaniambia. “Mchezo yako nachekesha mpaka tumbo nauma. Lakini mimi nauliza. Ile bwana arusi alienda wapi?”

Mzee, bado na ndevu zake za pamba, akajibu kwa upole, “Afande, hata sisi tunamngoja.”

Ofisa akacheka tena, akampiga Mzee begani, akaondoka na watu wake. Hatukuonyesha mchezo ule tena. Mzee mwenyewe alikwenda kumwambia mwenye ukumbi kwamba waigizaji wanaumwa.

Sijui kama ni jibu lile lililomponza. Nimelifikiria nusu ya maisha yangu na sijui. Wengine walisema ni nyumba yake, kwamba kulikuwa na mkubwa aliyeitamani. Wengine walisema ni kwa sababu alimfelisha mtoto wa mtu. Ubaya wa miaka ile ni kwamba hata sababu hukupewa.

Walimchukua mchana, wakati wa mitihani. Tulitoka pamoja kwenye jengo la idara, yeye amekumbatia karatasi za majibu za mwaka wa pili, akinilalamikia kwamba darasa zima limeandika jambo lilelile. Wanaume wawili walikuwa wameegemea gari lake.

“Mzee, tunakuhitaji kidogo,” mmoja akasema.

“Nina mitihani ya kusahihisha.”

“Kidogo tu.”

Gari lao jeupe lilikuwa nyuma ya lake. Walifungua buti. Mzee akaangalia ndani ya buti, akaangalia viti vya gari vilivyokuwa wazi, akasema kwa ile sauti yake ya ukumbini, “Ningeweza kukaa kwenye kiti.”

“Kiti kimejaa,” yule mtu akamjibu.

Wanafunzi walikuwa wamesimama barazani, ghorofa ya chini na ya juu. Hakuna aliyesogea. Mimi pia sikusogea. Mzee aliinama mwenyewe, akaingia mwenyewe, kama mtu anayeingia kwenye mtumbwi asioujua, akiogopa kuupindua. Karatasi zilimwanguka. Walipoondoka, upepo ukazichukua zikatapakaa kwenye nyasi, na hapo ndipo watu walipopata miguu. Tulikimbiza zile karatasi. Wasichana walilia huku wakiziokota. Nilizipeleka ofisini kwangu na nikazisahihisha zote siku ileile, kwa kuwa sikujua mikono yangu niipeleke wapi pengine. Alikuwa amesema kweli. Walikuwa wameandika jambo lilelile.

Mama hakulia nilipompelekea habari. Alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye nguo aliyokuwa anashona, akauliza, “Alikuwa amekula?”

Nikamwambia alikuwa amekula gonja.

“Basi atavumilia mpaka jioni,” akasema.

Tulianza kuzunguka. Vituo vya polisi, kambi, ofisi zisizoandikwa jina popote lakini kila mtu alijua kuzipita kwa upande wa pili wa barabara. Mama alijua Kiganda na Kiingereza kidogo, na kwenye milango ile hakuna aliyetaka kusikia hata kimoja. Askari walitaka Kiswahili. Kwa hiyo mimi nikawa mdomo wake. Lugha niliyoificha utotoni ndiyo iliyotufungulia mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja tukaingizwa kwenye chumba chenye pazia nene, na nyuma ya meza alikuwa yule ofisa mnene.

Alinitambua mara moja. “Mwalimu ya arusi!” Akatuonyesha viti.

Mama akaongea Kiganda, taratibu, mikono juu ya mapaja.

“Huyu mama nasema nini?”

“Anauliza mumewe yuko wapi, afande. Ni yule aliyekuwa baba wa bibi harusi.”

“Sisi hapana kamata mtu. Watu nakimbia Nairobi, halafu bibi zao nakuja kulia hapa.”

“Walimchukua mbele yangu, afande.”

Nilijua nimesema neno ambalo halirudishwi. Aliwasha sigara, akaniangalia kwa namna nyingine, kama vile sasa tu ndipo amesikia jinsi ninavyoongea.

“Kiswahili yako mzuri sana. Ulijifunza wapi?”

“Nakawa, afande. Baba alikuwa polisi.”

“Kabila gani?”

“Polisi, afande.”

Alicheka moshi ukimtoka puani. Mama alinishika kifundo cha mkono chini ya meza na hakuachia tena.

“Sikiliza,” ofisa akasema. “Sikukuu ya jeshi nakuja. Wakubwa nataka mchezo kwa Kiswahili, si ile Kizungu yenu. Wewe andika. Askari wacheke. Na bwana arusi afike, umesikia? Afike na sare. Halafu tutaangalia mambo ya mzee yenu.”

Tulipotoka nje Mama alinivuta kando ya ukuta. “Amesema tutaangalia. Si hivyo? Amesema hivyo?”

“Ndiyo, Mama.”

“Mtu aliyekufa haangaliwi. Yuko hai. Andika, mwanangu.”

Nimeulizwa na watu wengi, baadhi yao waliokuwa wamekaa salama Ulaya wakati ule, kama naona haya kwa kuandika kile nilichoandika. Sioni. Mngenikabidhi kalamu ile leo, na Mzee akiwa ndani ya ukuta ule, ningeandika tena, na ningejitahidi zaidi.

Niliandikia nyumbani kwa Mama, kwenye meza yake ya kukatia, yeye akishona upande mmoja na mimi upande wa pili. Nilijua jinsi ya kuwachekesha askari. Nilikuwa nimekulia kwenye vicheko vyao, nilijua wanacheka mke anapomsaka mumewe kwenye klabu ya pombe siku ya mshahara, wanacheka koplo anapopotea njia akitafuta nyumba ya wakwe. Niliandika bwana harusi anayechelewa kwa sababu alikuwa zamu. Niliandika anafika na buti zinazong'aa, baba mkwe anampigia magoti na kumshukuru kwa usalama wa nchi. Nilipofika pale kwenye magoti nilitoka nje nikatapika kwenye migomba. Nilirudi nikamaliza ukurasa. Mama akaninawisha uso kwa maji.

Kila nilipomaliza onyesho nilimsomea, nikimtafsiria. Alisikiliza akiwa ameinama juu ya cherehani. “Hapo watacheka?” aliuliza. Nikisema watacheka, alitikisa kichwa na kuendelea kushona.

Wanafunzi waliokubali kuigiza walikuwa wachache, na walikubali kwa ajili ya Mzee tu. Nafasi ya baba wa bibi harusi hakuna aliyeitaka. Niliichukua mimi. Nilivaa kanzu, Mama akanibandika ndevu za pamba, na mikono yake ilikuwa baridi kwenye mashavu yangu.

Tulicheza alasiri, katika bwalo la kambi, madirisha wazi, wake wa askari wakichungulia na watoto mgongoni. Nilipoingia jukwaani, mwanamke mwenye ndevu, ukumbi mzima uliangua kicheko. Niliangalia milango. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ofisa atafanya jambo la kutushangaza, kwamba watamleta Mzee katikati ya mchezo na kumsimamisha pale mlangoni, kwa kuwa watu wale walipenda mambo ya kushtua. Kila mlango ulipofunguliwa nilisahau maneno yangu. Mwigizaji wa bibi harusi alininong'oneza mstari, nikausema, wakacheka. Nilipiga magoti mbele ya bwana harusi, wakasimama wakapiga makofi. Kwenye wimbo wa kumuaga bibi harusi, askari mmoja kijana wa safu ya pili alikuwa analia waziwazi, kofia yake mikononi. Yeye naye bila shaka alikuwa na kwao.

Ulikuwa mchezo mzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Sijawahi kuandika mwingine ulioshika ukumbi namna ile.

Ofisa alinikumbatia mbele ya wakubwa wake, akaamrisha nipewe nusu gunia la sukari. “Njoo Jumatatu na huyo mama,” akaniambia sikioni.

Jumatatu Mama alivaa gomesi yake ya kanisani na kubeba kikapu. Ndani aliweka shati safi la Mzee, suruali, na gonja mbili za moto. Tulipoingia kwenye chumba chenye pazia, nyuma ya meza alikuwa mtu mwingine, mwembamba, ambaye hakunyanyua macho.

Nilimweleza. Nilimtaja ofisa.

“Huyo alihamishwa.”

“Amehamishiwa wapi, afande?”

Sasa akanyanyua macho. “Dada,” akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, “mimi nakupa akili ya bure. Huyo mzee yako usiulize. Na huyo afande, hata yeye usiulize.”

Mama alikuwa anatazama mdomo wangu, akingoja nimtafsirie. Sikumtafsiria. Akauliza kwa Kiganda, “Amesema kesho?” Nikamshika mkono tukatoka. Barabarani alikaa juu ya ukingo wa mtaro, katika gomesi yake ya kanisani, akatoa gonja kwenye kikapu akazishika mpaka zikapoa.

Baada ya hapo tulitafuta pengine. Palikuwa na watu waliojua pa kuangalia, na walikuelekeza bila kukutazama usoni. Asubuhi moja tuliambiwa kuna mtu mrefu kwenye kinamasi cha Namuwongo, chini ya reli. Tulikwenda. Wachuuzi wa pale walikuwa tayari wamepanga nyanya zao, hatua chache tu kutoka mahali penyewe, na waliacha kuongea tulipopita. Mtu yule alikuwa amelala kifudifudi kwenye mafunjo. Mwanamume mmoja alitusaidia kumgeuza. Mimi niliangalia reli.

“Si yeye,” Mama akasema.

Nilipumua. Nilikwisha kugeuka ili tuondoke, lakini yeye alikuwa anavua shuka alilojifunga mabegani. Alimfunika yule mtu kuanzia usoni, akapachika ncha chini ya mabega yake ili upepo usilichukue.

“Huyu naye kuna anayemngoja,” akaniambia. Ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Miezi ikapita. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Masaka wakaketi naye. Walisema watoto wa Mzee hawawezi kukaa hivi, mrithi hawezi kusimikwa, nyumba haina marehemu wala mume. Kwa mila, mwili usipopatikana huzikwa shina la mgomba mahali pake. Mama alikataa mara nyingi. Kisha siku moja aliniita akaniambia, “Nimechoka kuandaa sahani yake. Waambie waje.”

Tulikwenda kijijini kwa Mzee. Walikata mgomba, wakachagua ulionyooka, mrefu kama yeye. Mama hakuruhusu mtu mwingine auvishe. Aliufunga kwa nguo ya gome la mti na akashona mwenyewe, mishono midogomidogo, kama alivyokuwa akitushonea mavazi ya jukwaani. Sukari ya kambini ilitiwa kwenye chai ya waombolezaji. Wengi hawakuwa wameonja sukari kwa muda mrefu, wakaomba waongezwe. Mchungaji alisali kwa uangalifu. Alisema ndugu yetu ametutoka, hakusema jinsi gani, kwa sababu nyuma ya umati walisimama watu wawili tusiowajua.

Kabla ya kushusha, mzee mmoja wa ukoo alileta joho la chuo, lile jekundu la mahafali. Alisema haifai profesa azikwe bila vazi la kazi yake. Akalikunjua ili aliweke juu ya mgomba.

Mama alilichukua mikononi mwake.

“Hili hapana,” akasema. “Akirudi atavaa nini?”

Jembe la mchimbaji lilikuwa limesimama hewani. Mama alilikunja joho, akaliweka kwapani, kisha akawaashiria waendelee kuzika.

Muda mfupi baadaye mwanafunzi mmoja alinionya kwamba jina langu limetajwa. Nilivuka mpaka kupitia Busia nikiwa nimevaa kama mchuuzi wa samaki, na nikafundisha katika shule ya wasichana upande wa Kenya mpaka utawala ule ulipoanguka. Huko sikuandika hata mstari mmoja. Nilifundisha sarufi. Niliporudi Kampala nilipewa ile idara, baadaye wakanipa cheo cha uprofesa, na mashairi yakaanza kurudi kidogo kidogo, kwa Kiswahili. Michezo haikurudi.

Mzee hakupatikana. Watu walipofungua zile ofisi walikuta mambo ambayo sitayaandika hapa, lakini jina lake halikuwepo, na hakuna aliyetokea kusema alimwona. Mama aliishi miaka mingi, akishona mpaka macho yakamshinda. Kanisani, au kwenye mikutano, mtu akimwita mjane wa profesa, alimsikiliza mpaka amalize, halafu akamwambia kwa adabu, “Mke. Mimi ni mke wake.”